Mgongo wa Mdakaji

Kati ya wachezaji tisa wa besiboli wanaolinda uwanja, wanane wanatazama upande mmoja na mmoja anatazama upande wa pili. Huyo mmoja ni mdakaji. Anachuchumaa nyuma ya mpigaji, kichwani kofia ngumu na barakoa ya vyuma, kifuani ngao, miguuni magamba yanayoanzia juu ya goti na kuishia juu ya kiatu. Uwanja mzima uko mbele ya macho yake. Wenzake wanamtazama yeye, naye anawatazama wote kwa pamoja. Sisi wazazi tunaokaa nyuma ya wavu, juu ya viti vya kukunja tulivyobeba kutoka nyumbani, tunachokiona ni mgongo wake.

Mimi ni mama wa mdakaji. Mwanangu ana miaka 12 na anachezea timu ya mtaa katika mji mdogo wa jimbo la Maryland. Kuanzia Aprili, baridi ingali inauma vidole, hadi jua kali la Juni, jioni zangu nyingi zinaishia kwenye kuutazama mgongo huo. Na mgongo wa mtoto, ukishauzoea, unasema mengi. Bega la kulia likipanda kidogo, najua ana wasiwasi na mkimbiaji aliyesimama besi ya kwanza. Kiuno kikishuka na unyayo wa kushoto ukajongea nusu hatua, najua ameomba mpira upite pembeni. Akisimama na kukung'uta miguu kabla mpigaji mwingine hajafika, magoti yameanza kulalamika. Uso wake siuoni mpaka avue barakoa, na ukitokea huwa umelowa jasho chepechepe, alama za sponji zimejichora mashavuni.

Iko furaha ya kumwona mtoto akishinda, na hiyo haihitaji maelezo. Ninayotaka kuisema hapa ni nyingine, na kwangu ndiyo kubwa: furaha ya kumwona mtoto akiwa fundi. Kumwona anaijua kazi fulani kwa mikono, kwa magoti na kwa akili, kazi ambayo mimi mama yake siiwezi, na anaifanya sawasawa hata pale ambapo hakuna anayemwangalia. Wazazi wengi huipata furaha hii mtoto akishakuwa mtu mzima, siku anapofungua karakana yake au anaposimama mbele ya darasa lake la kwanza. Besiboli ya watoto inaileta mapema, jioni ya Jumanne, katika uwanja wa manispaa, huku wadogo zao wakikimbizana kwenye majani.

Uwanja wenyewe ulikatwa kwa kipimo cha mtoto. Mwaka 1939, huko Williamsport katika jimbo la Pennsylvania, bwana mmoja aitwaye Carl Stotz alianzisha ligi ya watoto yenye timu tatu, hii ambayo leo dunia inaijua kwa jina la Little League. Aliona watoto wanavyohangaika katika uwanja wa wakubwa, ambako kutoka besi hadi besi ni futi 90, akawa anajaribu vipimo pamoja na wapwa zake mpaka akakaa kwenye futi 60. Mrushaji naye yuko karibu zaidi: mtu mzima anarusha kutoka futi 60 na inchi 6, watoto wetu wanarusha kutoka futi 46. Nawashukuru waliofikiri hivyo. Lakini kitu kimoja hakikupunguzwa. Mpira ni uleule wa wakubwa, uzito wake aunsi 5 na kidogo, mzingo wake inchi 9 na kidogo, ngozi iliyoshonwa kwa uzi mwekundu juu ya kiini kigumu. Ukimpata mtoto wa miaka 12 mbavuni, usiku halalii ubavu huo. Ndiyo maana kocha akiuliza mwanzoni mwa msimu ni nani anataka kudaka, mikono inayoinuka ni michache, na wazazi wengine huonekana wakiomba kimoyomoyo mkono wa mtoto wao ubaki chini.

Watu wa kwetu wakija kututembelea huona mchezo huu umelala. Shemeji yangu kutoka Dar es Salaam alikaa nasi jioni moja akaniambia, kwa upole wake, kwamba watoto wamesimama tu. Nikamwambia, "Shemeji, achana na mpira, mtazame huyo aliyechuchumaa." Ukimfuata huyo, mchezo unaamka. Kabla ya kila mtupo anageuza kichwa kumwangalia kocha aliyeko benchi, anasoma miguu ya mpigaji kama imesimama karibu au mbali na kibao cha nyumbani, anakumbuka wangapi wameshatolewa na kuwanyooshea wenzake vidole hewani ili na wao wasipoteze hesabu, ndipo anashuka, anaficha mkono wa kulia katikati ya mapaja na kumpa mrushaji ishara. Yote hayo yanatendeka katika zile sekunde ambazo mgeni anadhani hakuna linalotendeka. Ilipofika awamu ya nne, shemeji alikuwa amekwisha kusogeza kiti chake hadi kwenye wavu.

Ninachokipenda kuliko vyote ni mpira wa vumbini. Mrushaji wa miaka 12 hana uhakika na mkono wake. Mara kwa mara mpira unamtoka mapema au unamchelewa, unagonga ardhi futi moja mbele ya kibao na kuruka ovyo, huku mpigaji amezungusha gongo na kumziba mdakaji macho. Mwili wa binadamu unajua la kufanya hapo: kugeuza uso, kufumba macho, kunyanyua mkono. Mdakaji amejifunza kuukatalia mwili wake. Glavu inatangulia kwenda chini, inaziba mwanya kati ya magoti. Magoti yanafuata. Mkono usio na glavu unajificha nyuma ya glavu ili vidole visivunjike. Kidevu kinalala kifuani kulinda koo. Mabega yanajikunja kwa ndani ili mpira ukigonga ngao uanguke mbele yake usiende pembeni. Macho yanabaki wazi muda wote huo. Na jambo moja ambalo kwa macho huwezi kuliona, yeye ndiye aliyenieleza: unatoa pumzi. Kifua kilichojaa hewa kinaurudisha mpira mbali. Kifua kilicholegea kinauangusha pale pale.

Kocha wao huwaambia waue mpira. Anayejaribu kuudaka mpira wa vumbini amebahatisha. Anayeuua amefanya kazi yake. Wakati wa baridi, theluji ikiwa nje, mwanangu hupiga magoti ndani ya gereji juu ya kipande cha zulia, mikono ameifunga nyuma ya mgongo, na baba yake anamdundishia mipira ya tenisi kifuani, mmoja baada ya mwingine. Ukisikia kutoka jikoni ni pu, pu, pu. Mara nyingine inanyamaza, halafu baba mtu anasema, "Tena."

Kisha unakuja mwezi wa Mei na mechi yenyewe. Mkimbiaji yuko besi ya tatu, watoto wawili wameshatolewa, timu yetu inaongoza kwa pointi moja. Mtupo unatoka vibaya. Namwona anaanguka magotini kabla mpira haujagusa ardhi, vumbi linapanda, nasikia ule mlio mzito wa kifuani, na mpira unalala chini kiasi cha urefu wa mkono mbele yake. Mkimbiaji aliyekwisha kuanza kuja anakanyaga breki na kurudi alikotoka. Mwanangu anaokota mpira, anaufuta kwenye suruali, anamrudishia mrushaji. Hakuna aliyepiga makofi. Mzazi aliyekaa jirani yangu alikuwa ameinama kutafuta chupa ya maji.

Ukifungua daftari la mechi usiku ule, tendo hilo hulikuti. Daftari lina alama ya mpira uliompita mdakaji na lina alama ya mtupo uliopotea, maana yake makosa yanaandikwa. Mpira uliokufa kifuani hauna safu yake. Nimeifikiri sana habari hii. Kazi kubwa kuliko zote aliyoifanya mtoto jioni nzima haina mahali pa kuandikwa isipokuwa machoni mwa mtu aliyekuwa anatazama na anayejua anachokitazama. Ndani ya gari nilimwambia, "Ule wa awamu ya tano niliuona." Akanyamaza kidogo, akasema, "Niliuua, mama." Basi tukaendelea na safari.

Iko pia mbio ambayo karibu hakuna anayeiona. Mpigaji akigonga mpira ukabingirika kwa mlinzi aliye kati ya besi ya pili na ya tatu, macho ya uwanja mzima yanaufuata mpira: umeokotwa, umerushwa besi ya kwanza, ametolewa. Rudisha macho nyumbani utaona kibao kiko peke yake. Kama hakuna mkimbiaji mwingine wa kuchungwa, mdakaji amekwisha kuondoka na magamba yake yote, anakimbia sambamba na mpigaji kuelekea nyuma ya besi ya kwanza, endapo mpira utarushwa vibaya upite. Mara nyingi haupiti. Anasimama, anageuka, anarudi akitembea, anavaa barakoa, anachuchumaa. Mpigaji wa pili anafanya vilevile, naye anakimbia tena. Jua la Juni halimwonei huruma mtu mwenye ngao kifuani. Akikimbia mechi nzima bure na mara moja tu mpira ukapita na kumkuta yupo, mbio zote zile zimelipa.

Kwa wenye kupenda adabu, besiboli inayo, na mdakaji ndiye mwenye kuitunza. Nyuma yake amesimama mwamuzi, katika ligi zetu mara nyingi mtu wa kujitolea. Hawa wawili wanakaa karibu kiasi cha kusikia pumzi. Inatokea mpigaji akaugusa mpira kidogo tu, ukarudi nyuma na kumpata mwamuzi begani au kwenye barakoa. Hapo mdakaji mwenye adabu huomba mchezo usimame, huenda taratibu mpaka kwa mrushaji na kuzungumza naye, ingawa hana la kumwambia, ili mwamuzi apate nafasi ya kupumua bila kuonekana ameumia. Na mpira ukimpata mdakaji, mwamuzi huzunguka mbele, huinama, huchukua brashi yake ndogo na kupangusa kibao ambacho hakina hata vumbi. Ni deni linalolipwa kimya kimya. Mara ya kwanza nilipomwona mwanangu akienda hivyo kwa mrushaji nilidhani amechoka. Alipokwisha kunieleza, nilijisikia namna ambayo mama yangu alikuwa akijisikia tukisalimia wazee barabarani bila kukumbushwa.

Kwenda kwa mrushaji ni ufundi mwingine. Mrushaji mdogo akiharibu mitupo mitatu mfululizo unaona kidevu kinaanza kucheza. Watoto wa umri huu hawajui kuficha. Kocha akitoka benchi, mtoto ndiyo anazidi kusambaratika. Lakini mdakaji ni mwenzake. Anapandisha barakoa juu ya kichwa, anaziba mdomo kwa glavu kama anavyowaona wakubwa kwenye televisheni, wanaongea kitambo kidogo, na mrushaji anaonekana kucheka. Siku moja nilimuuliza, "Ulimwambia nini mwenzako?" Akanijibu, "Nilimuuliza paka wao amezaa au bado." Hayo hakufundishwa na mtu. Mtoto aliyekaa muda mrefu akiwatazama wenzake wanane usoni, mchezo baada ya mchezo, huishia kuwajua.

Mkono wake wa kurusha, huo una kwao. Mimi nimezaliwa na kukulia Tanga. Wavulana wa mtaani walikuwa na chandimu yao, mpira wa miguu kutwa. Sisi wasichana tulikuwa na rede. Wawili wanasimama ncha mbili za uwanja na mpira wa soksi, mmoja yuko katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Msichana aliyecheza rede miaka yake yote ya shule ya msingi anajua kulenga mtu anayekimbia, anajua kurusha haraka bila kujiandaa, na anajua mkono hauna nguvu yoyote kama miguu haijasimama vizuri. Mume wangu ni mtu wa mpira wa miguu damuni, mtoto wa Kariakoo. Akirusha kitu hukirusha kwa bega tu. Kwa hiyo mtoto alipoanza kujifunza kumkamata mkimbiaji anayeiba besi ya pili, mwalimu wa miguu nyumbani kwetu nilikuwa mimi. Kutoka kibao cha nyumbani hadi besi ya pili ni karibu futi 85 katika uwanja wa watoto, na mkimbiaji haruhusiwi kuondoka kwenye besi mpaka mpira umfikie mpigaji. Mdakaji anatakiwa aupokee, anyanyuke, ageuze kiuno na kuuachia, vyote kwa mwendo mmoja. Anayechelewa anachelewa miguuni. Nilimwonyesha uani, nimevaa kanga, na majirani zetu walisimama kutazama.

Ukilea mtoto mweusi katika nchi hii, huwezi kumpeleka kwenye mchezo wao bila kuijua historia yake, na historia ya mdakaji ninayempenda zaidi ni ya Moses Fleetwood Walker. Alizaliwa Ohio mwaka 1856, akasoma katika chuo cha Oberlin, na mwaka 1884 akawa mdakaji wa timu ya Toledo katika mojawapo ya ligi kuu za zama zile. Barakoa ilikuwa bado kitu kipya. Fred Thayer wa Harvard alikuwa ameipatia hataza mwaka 1878 tu. Glavu nene kama tulizo nazo leo hazikuwapo, na mdakaji aliumaliza msimu akiwa na vidole vilivyovimba. Mrushaji wake mashuhuri, Tony Mullane, alikuja kukiri miaka mingi baadaye kwamba Walker ndiye aliyekuwa mdakaji bora aliyewahi kufanya naye kazi, lakini kwa sababu ya rangi yake alikuwa hazifuati ishara zake, anarusha anavyotaka. Fikiri maana yake. Umechuchumaa, mikono yako haina kinga ya maana, na anayekurushia mpira amekataa kukuambia unakuja vipi. Walker akadaka hivyo hivyo. Baada ya msimu ule milango ikafungwa, na ligi kuu hazikumwona mchezaji mweusi tena mpaka Jackie Robinson alipoingia na Brooklyn Dodgers mwezi wa Aprili 1947.

Katikati ya miaka hiyo alipita Josh Gibson, mdakaji wa ligi za watu weusi, mpigaji wa kutisha, aliyefariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu tu kabla ya mlango kufunguliwa. Ilichukua hadi mwaka 2024 ndipo takwimu za ligi zile zikaunganishwa na za ligi kuu, na jina la Gibson likapanda juu kabisa katika wastani wa upigaji wa maisha yote. Na watoto nao hawakusalimika. Mwaka 1955 timu ya watoto weusi wa Cannon Street, Charleston, katika jimbo la South Carolina, ilijiandikisha kwenye mashindano ya Little League, na timu zote za Wazungu zikajitoa. Kwa kuwa hawakuwa wamecheza na mtu, wakaambiwa hawawezi kuendelea. Walialikwa Williamsport kama wageni, wakaruhusiwa kupasha mwili moto uwanjani, kisha wakarudi kukaa jukwaani huku watazamaji wakipaza sauti waachwe wacheze. Mwanangu anaijua habari hiyo. Nilitaka aijue kabla hajavaa jezi, ajue kwamba mahali anapochuchumaa pana watu waliopagharamia.

Sasa niseme neno kuhusu mikono yao, maana hapa sina subira. Tangu mwaka 2007 Little League imeweka kikomo cha mitupo. Mtoto wa miaka 11 au 12 harushi zaidi ya mitupo 85 kwa siku, wa miaka 9 au 10 harushi zaidi ya 75, na akifika 66 na kuendelea anapumzika siku nne kabla ya kurusha tena. Mdakaji aliyedaka awamu nne au zaidi haruhusiwi kurusha siku hiyo, na mrushaji aliyevuka mitupo 40 haruhusiwi kuhamia kwenye kudaka. Sheria hizi hazikutungwa kwa kupenda sheria. Ndani ya kiwiko kuna kano moja ndogo inayovutwa kila mtupo. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alifanya upasuaji wa kwanza wa kuitengeneza, kwa mrushaji wa kulipwa aitwaye Tommy John, na leo upasuaji huo huo unafanyiwa vijana wa sekondari. Ligi moja inahesabu, lakini mtoto anayecheza timu mbili au tatu kwa wiki hakuna anayemjumlishia isipokuwa mzazi wake. Nina daftari dogo la mitupo ndani ya mkoba, karibu na maji na karanga. Ninaliona kuwa sehemu ya kutazama. Anayefurahia ufundi wa mtoto na asiulinde mkono unaoubeba ufundi huo bado hajafurahi vya kutosha.

Na kelele. Nimekaa na wazazi wema sana, watu wa kugawana blanketi na chai, lakini mtoto wao akisimama na gongo wanaanza kumwelekeza kwa sauti: inua kiwiko, sogea mbele, tazama mpira. Kocha anasema yake, baba naye anasema yake, babu pia ana lake. Mtoto ana chini ya nusu sekunde ya kuamua apige au aache. Kwa maoni yangu, mzazi akae kimya tangu mrushaji anaponyanyua mguu mpaka mpira unapotua. Makofi yapo, vigelegele vipo, mimi mwenyewe napiga cha Kitanga kinachofika hadi maegesho ya magari. Lakini hupigwa jambo likishakwisha. Tena hupigwa kwa mtoto yeyote. Kanuni inamtaka kocha ampe kila mtoto nafasi ya kulinda mpaka wapinzani sita watolewe, na kupiga angalau mara moja. Yule dogo wa mwisho kwenye orodha, ambaye glavu inamzidi mkono, naye ana zamu yake ambayo hakuna anayeweza kumchukulia, na mama yake naye ameacha kazi mapema ili aje.

Mchezo huu umeshafika na kwetu. Mwaka 2011 watoto wa Kampala, Uganda, walishinda kanda yao, wakapata nafasi ya kwenda kwenye fainali za dunia za Little League, wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi, huko huko Uganda, walifika Pennsylvania, timu ya kwanza ya bara la Afrika kucheza fainali hizo. Mwaka 2015 Uganda ilirudi ikaifunga Jamhuri ya Dominika, nchi inayolisha ligi kuu ya Marekani kwa wachezaji kila mwaka. Dar es Salaam nako, kwa msaada wa Wajapani wanaoupenda mchezo huu kupita kiasi, upo uwanja wa besiboli katika Shule ya Sekondari Azania, na mashindano ya shule yameitwa Koshien, kwa jina la ule uwanja maarufu wa Japani unaochezewa fainali za sekondari kila Agosti. Nawafikiria akina mama wa Lugazi na wa Dar es Salaam. Watoto wao wanachuchumaa mchana wa jua kali na barakoa ya kuazimana, na sijui kama wapo wanaoweza kufunga genge au kuomba ruhusa kazini ili waje wakae nyuma ya wavu. Ningependa wawepo.

Kwa ndugu zangu wa Kiswahili mlioko huku Marekani, nina ombi moja. Usajili wa msimu wa machipuko katika ligi nyingi huanza wakati wa baridi, Januari au Februari, wakati ambapo hakuna anayefikiria besiboli. Mwandikisheni mtoto. Gharama isiwazuie, kwa sababu kanuni za Little League zinasema wazi kwamba kulipa ada kusiwe kamwe sharti la mtoto kucheza. Asiye nacho anamweleza kiongozi wa ligi, na mtoto anapokelewa. Na kocha akiuliza ni nani atavaa barakoa, mkono wa mtoto wako ukainuka, usimwashirie aushushe. Sogeza kiti nyuma ya wavu, ukae.